Hesabu Baada ya Kiama: Mapigano na Ujenzi wa Mhusika katika Michezo ya Video, 1988–2015

Waandishi wa Kiingereza wana jina moja wanalolitumia kukusanya riwaya, filamu na michezo ya video inayosimulia maisha ya watu waliosalia baada ya ustaarabu kuanguka. Tukilitafsiri jina hilo kwa Kiswahili tunapata "baada ya kiama", na hapo hapo tafsiri inakwama. Neno lao lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kufunuliwa kwa lililofichika. Katika matumizi ya leo limebaki kumaanisha maangamizi makubwa. Kiama chetu, tulichokipokea kutoka Kiarabu, ni kusimama: wafu wanasimama, daftari la matendo linafunguliwa, na kila mja anapewa hesabu yake. Baada ya hapo hakuna la kuongeza wala la kupunguza. Kwa hiyo kisa cha mtu anayetembea, kupigana, kununua na kuuza "baada ya kiama" kinamfikia msikilizaji wa Kiswahili kama kisa chenye ukinzani ndani yake.

Ukinzani huo unaangaza jambo muhimu katika michezo ya video ya aina hii. Michezo hiyo imejengwa juu ya hesabu. Kabla ya hatua ya kwanza, mchezaji hukaa mbele ya ukurasa wa tarakimu na kuamua mtu wake atakuwa na nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, bahati kiasi gani. Kisha dunia iliyoungua humdai kwa kadiri ya alichoandika. Katika makala haya ninafuatilia historia ya ukurasa huo tangu Wasteland ya mwaka 1988 hadi Fallout 4 ya mwaka 2015. Ninadai kwamba thamani ya kisanaa ya michezo hii ilitokana na bei ya uchaguzi: mchezaji alilazimika kuamua mtu wake awe nani na asiwe nani, na mapigano pamoja na mazungumzo yakawa ndiyo mahali pa kulipia uamuzi huo. Bei ilipopunguzwa, mhusika aliongezeka uwezo na akapungua utu.

Dadu na karatasi

Mchezo wa uhusika ulizaliwa mezani kabla ya kuingia katika kompyuta. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Wachezaji walikaa pamoja, kila mmoja akiwa na mtu wake wa kubuni, na mwamuzi akawasimulia yaliyotokea walipotaja matendo yao. Mchezo huo ulichipuka kutoka katika michezo ya vita, ambamo wapenzi wa historia walipanga majeshi ya vinyago juu ya meza na kuamua mapambano kwa dadu. Asili hiyo iliacha alama ya kudumu. Sifa sita za mhusika, yaani nguvu, akili, hekima, wepesi, afya na haiba, ziliandikwa kwa tarakimu kuanzia 3 hadi 18 kwa sababu zilitokana na kurusha dadu tatu. Mtu alikuwa kwanza askari aliyepimwa, mengine yalifuata.

Kiingereza kilimwita mtu huyo kwa neno lilelile linalotumika kwa mhusika wa riwaya na kwa tabia ya binadamu. Sisi tunatenganisha. Mhusika ni yule kisa kinachomhusu. Tabia ni yale aliyoyazoea. Utu ni kile kinachomfanya astahili kuitwa mtu. Utengano huu unatupa kipimo ambacho wabunifu wenyewe hawakuwa nacho katika lugha yao. Karatasi ya tarakimu inaweza kutoa mhusika kwa dakika kumi. Je, inaweza kutoa tabia, sembuse utu?

Mwaka 1978 kampuni iliyochapisha Dungeons & Dragons ilitoa Gamma World, iliyobuniwa na James M. Ward na Gary Jaquet. Hapo ndipo karatasi ya sifa ilipokutana na dunia iliyoteketezwa. Mashujaa wa Gamma World waliweza kuwa viumbe waliogeuzwa maumbile, wenye vipawa na vilema vilivyoamuliwa kwa dadu. Jambo hilo lilikubaliana na hofu ya zama zile za Vita Baridi: mionzi haichagui, na aliyesalia hubeba mwilini asichokiomba. Lakini dadu humpa mtu majaliwa. Kuchagua ni kitu kingine, na kilihitaji chombo kingine.

Walinzi wa jangwani

Chombo hicho kilikuwa kompyuta ndogo ya nyumbani. Wasteland ilitengenezwa na kampuni ya Interplay chini ya Brian Fargo, ikasambazwa na Electronic Arts mwaka 1988, kwanza kwa kompyuta za Apple II. Miongoni mwa wabunifu wake walikuwamo Ken St. Andre na Michael A. Stackpole, watu waliokwisha kuandika michezo ya mezani. Waliingiza katika kompyuta fikra waliyoijaribu huko: mtu hajulikani kwa sifa za mwili peke yake, bali pia kwa stadi alizojifunza. Mchezaji aliunda walinzi wanne wa jangwani, akawapeleka Nevada na Arizona za mwaka 2087, karibu miaka tisini baada ya vita vya nyuklia. Kila mmoja alikuwa na sifa saba na orodha ya stadi: kupanda milima, kuogelea, kufungua makufuli, kutibu, kutumia bunduki za aina mbalimbali. Akili ya mhusika iliamua ni stadi zipi angeweza kujifunza, na stadi zilikua kwa kutumiwa. Ilikuwamo hata stadi ya kutengeneza tosta za mikate. Wengi waliidhani mzaha, hadi walipokuta tosta mbovu zilizoficha vitu vya thamani.

Mapigano ya Wasteland yalikuwa ya maandishi kwa sehemu kubwa. Mchezaji alitoa amri kwa kila mlinzi, kisha maneno yakapita kwenye kioo yakieleza nani kapigwa na nani kaanguka. Nafasi katika diski ilikuwa finyu, hivyo masimulizi marefu yalichapishwa katika kijitabu, na mchezo ukamwelekeza mchezaji asome aya yenye nambari fulani. Wabunifu walitia humo aya za uongo, zikiwemo za kisa cha Mirihi kisichokuwapo kabisa, ili kumnasa msomaji mwenye pupa anayetangulia mbele.

Mambo mawili katika mchezo huo yanahusu hoja yetu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba watu waliojiunga na kikosi njiani hawakuwa vibaraka: waliweza kukataa amri au kukatalia mali yao. La pili ni kwamba dunia ilikumbuka. Mabadiliko yaliyotokea yaliandikwa katika diski zenyewe, ndiyo maana mchezaji alishauriwa kunakili diski zake kabla ya kuanza. Aliyeharibu mahali alipakuta pameharibika aliporudi. Kwa vifaa vya wakati ule, huo ulikuwa uamuzi wa kisanaa uliogharimu nafasi adimu, na matokeo yake yalikuwa kumfundisha mchezaji kwamba tendo lina kesho yake.

Sifa saba

Mrithi wa Wasteland alitoka katika kampuni ileile mwaka 1997. Fallout, ambayo jina lake ni lile vumbi la mionzi linalodondoka baada ya mlipuko, iliongozwa na Tim Cain akishirikiana na Leonard Boyarsky, Jason Anderson na wengine. Awali ilikusudiwa kutumia GURPS, kanuni za mchezo wa mezani za Steve Jackson. Makubaliano hayo yalivunjika mwaka uleule wa 1997, ukatili wa mchezo ukiwa miongoni mwa sababu, na watengenezaji wakalazimika kuandika kanuni zao wenyewe kwa muda mfupi. Chris Taylor ndiye aliyehusika zaidi. Matokeo ni mfumo wa sifa saba: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, haiba, akili, wepesi na bahati. Herufi za kwanza za majina yake ya Kiingereza zinaunda neno SPECIAL, lenye maana ya kitu au mtu wa pekee.

Hapa dadu iliondolewa katika kuzaliwa kwa mhusika. Kila sifa ilianza na 5, mchezaji akapewa pointi 5 za kuongeza, na hakuna sifa iliyozidi 10. Aliyetaka zaidi ya hapo alilazimika kupunguza kwingine. Katika stadi 18 alichagua tatu tu za kuzipa kipaumbele. Kisha ilikuja orodha ya hulka, ambazo mchezaji aliweza kuchukua mbili au kuziacha zote, na kila hulka ilikuja na faida na hasara yake. Mwenye hulka ya kufyatua haraka alipoteza uwezo wa kulenga kiungo maalumu. Mwenye nuksi aliwaletea mikosi wote waliomzunguka, maadui na yeye mwenyewe pamoja. Mshika mbili, wahenga walisema, moja humponyoka. Wabunifu wa Fallout waliigeuza hekima hiyo kuwa hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Uchaguzi huo ulikuwa na uzito kwa sababu uliufikia ulimi. Mhusika mwenye akili chini ya 4 hakuweza kuzungumza kama wengine. Alitoa miguno na maneno mafupi, na wenyeji wakamjibu kwa huruma, dharau au kuchoka. Sehemu kubwa ya kisa ilimfungia milango. Mchezaji aliyempunguzia mtu wake akili ili ampe misuli aligundua, saa mbili baadaye, kwamba amejinyima kujua kinachoendelea duniani. Katika riwaya, mwandishi ndiye anayeamua mhusika atatambua nini. Hapa uamuzi ulifanywa na msomaji mwenyewe, naye hakuujua ukubwa wake alipoufanya.

Zamu na asilimia

Mapigano ya Fallout yaliendeshwa kwa zamu juu ya uwanja wa vyumba vya pembe sita. Kila mpiganaji alikuwa na pointi za matendo zilizotokana na wepesi: tano za msingi, na nusu ya wepesi wake juu yake. Hatua moja ilikula pointi moja, risasi ilikula kadhaa, na kufungua mfuko katikati ya vita nako kulikuwa na bei. Utambuzi uliamua nani aanze, bahati iliamua uwezekano wa pigo la kuangamiza, na nguvu iliamua silaha ipi ibebeke na itumike ipasavyo. Kwa hiyo kila pigano lilikuwa mtihani wa ule ukurasa wa mwanzo. Mchezaji alikaa akihesabu kama mchezaji wa bao anavyohesabu kete kabla ya kunyanyua mkono, akijua kwamba zamu ikishapita haiko tena mikononi mwake.

Aliyetaka kulenga jicho, mkono au mguu alionyeshwa asilimia ya kufanikiwa. Asilimia hiyo haikuzidi 95 hata kwa mdunguzi hodari aliyesimama karibu. Katika kila risasi mia, tano zilibaki nje ya uwezo wa binadamu. Ni kanuni ndogo, lakini imebeba mtazamo mzima: ustadi unapunguza aibu ya kushindwa bila kuiondoa.

Mapigano hayo yalikuwa ya kikatili, na ukatili huo uliandikwa katika daftari. Risasi iliweza kumpata yeyote, hata mtoto. Aliyeua watoto alipata sifa mbaya iliyomfuata mji hadi mji, na wawindaji wa kulipwa wakamtafuta. Katika toleo lililouzwa Uingereza na kwingineko Ulaya, watoto waliondolewa machoni kabisa. Baadaye, katika michezo iliyotengenezwa na Bethesda, watoto walirudi wakiwa hawadhuriki. Naelewa kwa nini mambo yalikwenda hivyo, wala sioni faida ya kuutetea ule uwezekano wa kwanza kwa ajili yake wenyewe. Ila inafaa kuona tofauti iliyopo. Toleo la awali lilimwachia mchezaji uwezo wa kutenda uovu na kumtoza; matoleo ya baadaye yalimwondolea uwezo huo, na pamoja nao yakaondoa jukumu la kujizuia.

Ulimi na ushahidi

Jambo lililoifanya Fallout ikumbukwe ni mapambano yake ya mwisho. Adui mkuu, aitwaye Master, anataka kuwageuza wanadamu wote kuwa majitu yasiyodhurika na mionzi. Anaamini kwamba watu wakiwa wa aina moja vita vitakwisha. Anaweza kuuawa kwa silaha, na wachezaji wengi walimmaliza hivyo. Anaweza pia kushindwa kwa maneno, kwa sharti gumu: mhusika awe na stadi ya kuzungumza ya kutosha, na awe amepata ushahidi wa kitabibu kwamba majitu yale ni tasa. Bila ushahidi, ufasaha ni kelele. Akisha kuuona, Master anatambua kwamba jamii anayoijenga itakoma na kizazi chake cha kwanza, na kwamba ukatili wote alioutenda ulikuwa wa bure. Anajiangamiza mwenyewe.

Tukio hili linaonyesha jinsi ujenzi wa mhusika unavyoweza kuwa hoja ya kimaadili. Mchezaji aliyefika pale kwa njia ya maneno alilipia njia hiyo kwa muda mrefu. Kila pointi aliyoiweka katika mazungumzo ilikosekana katika bunduki, kwa hiyo alikimbia mapigano ambayo wenzake waliyashinda, alizunguka, alibembeleza, alinunua amani kwa vizibo vya chupa, ambavyo ndivyo fedha ya dunia ile. Ushindi wake wa mwisho ni wa mtu aliyeishi maisha ya aina fulani tangu mwanzo. Hapa karatasi ya tarakimu imetoa kitu kinachokaribia tabia.

Mkono wa nani?

Interplay ilidhoofika kifedha. Idara yake ya Black Isle, iliyotoa Fallout 2 mwaka 1998, ilifungwa mwaka 2003, na mwaka 2007 haki za Fallout zikauzwa kwa Bethesda. Mwaka uliofuata ilitoka Fallout 3, iliyohamishia kisa katika magofu ya Washington. Badala ya kutazama uwanja kutoka juu, mchezaji aliingizwa nyuma ya macho ya mhusika. Ukurasa wa tarakimu uliingizwa ndani ya kisa: mhusika anazaliwa, anachagua sifa zake saba katika kitabu cha watoto akiwa mchanga wa mwaka mmoja, na akiwa na miaka 16 anafanya mtihani wa shule unaompendekezea stadi. Ni ubunifu wenye ucheshi, na pengine mwanzo bora kuliko wote katika mfululizo huo.

Mapigano yalibadilika zaidi. Mchezaji aliweza kusimamisha wakati kwa mfumo uitwao V.A.T.S., akachagua kiungo cha adui kwa asilimia kama zamani. Lakini aliweza pia kulenga na kufyatua mwenyewe papo kwa papo. Hapo liliibuka swali ambalo mwaka 1997 halikuwapo: anayepiga risasi ni nani? Katika mchezo wa zamu, mchezaji huamua na mhusika hutenda, na upungufu wa mhusika hauwezi kufichwa na kidole chepesi cha mchezaji. Katika mchezo wa papo kwa papo, kijana mwenye mazoezi anaweza kushinda akiwa na mhusika asiyejua bunduki. Tarakimu zilibaki, lakini mamlaka yake yalipungua. Hulka zenye faida na hasara ziliondolewa, vipaji vikatolewa kila ngazi badala ya kila ngazi ya tatu, na ushawishi katika mazungumzo ukawa bahati nasibu ya asilimia ambayo mwenye subira aliweza kuirudia hadi ifaulu kwa kurejea mahali alipohifadhi mchezo.

Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian, ambamo walikuwamo baadhi ya watu wa Black Isle, ilitoa Fallout: New Vegas chini ya uongozi wa Josh Sawyer. Ilitumia mitambo ileile ya Bethesda na bado ikarudisha sehemu ya bei ya zamani. Hulka zilirudi. Vipaji vilitolewa kila ngazi ya pili. Ushawishi haukuwa tena bahati nasibu: mwenye stadi ya kutosha alifaulu, asiyekuwa nayo alitamka maneno dhaifu yaliyomwaibisha, na kurudia hakukumsaidia. Kwa aliyependa, kulikuwa na hali ngumu iliyodai maji, chakula na usingizi. Jemadari wa mwisho aliweza kurudishwa nyuma kwa hoja, kama Master alivyoshindwa miaka kumi na mitatu kabla.

Fallout 4 ya mwaka 2015 ilichukua njia nyingine. Orodha ya stadi iliondolewa. Sifa saba na vipaji 70 viliunganishwa katika ubao mmoja, na ngazi hazikuwa na kikomo, hata sifa zenyewe zikaweza kupandishwa kadiri mtu anavyoendelea. Mwenye muda wa kutosha alipata kila kitu. Mhusika alipewa sauti ya mwigizaji na historia iliyoandikwa tayari, na mazungumzo yakapunguzwa kuwa majibu manne kwa wakati. Uchaguzi wa mwanzo ukawa mpangilio wa foleni: yapi yatangulie na yapi yafuate.

Si haki kuyasimulia haya kama anguko tupu. Michezo ya kale ilikuwa na dhuluma zake. Katika Fallout ya kwanza stadi hazikulingana kwa manufaa. Aliyeweka kipaumbele chake katika kamari alilipa bei ileile na aliyechagua bunduki ndogo, akapata kidogo sana. Mtu angeweza kutumia saa ishirini kabla ya kugundua kwamba alijifunga tangu ukurasa wa kwanza. Fallout 4 ilifungua mlango kwa watu wengi ambao wasingevumilia hayo, na mapigano yake ni mepesi na ya kufurahisha kuliko yaliyotangulia. Wala njia ya kale haikufa. Mwaka 2012 Brian Fargo aliomba umma umchangie kutengeneza Wasteland 2, akapata zaidi ya dola milioni 2.9 kupitia Kickstarter, na mchezo ukatoka mwaka 2014 ukiwa na mapigano ya zamu. Karibu na mwanzo wake zinafika simu mbili za redio kuomba msaada, kutoka sehemu mbili, na kikosi kinaweza kuokoa moja tu. Wale walioachwa wanaendelea kusikika redioni hadi wanaponyamaza.

Mpaka wa hesabu

Hesabu ya michezo hii ina mpaka, nao unatugusa sisi wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Ukurasa wa sifa unapima alichonacho mtu mmoja. Hauulizi alichonacho kimetoka wapi. Jangwa la Fallout ni la Marekani, na walioteseka ndani yake ni Wamarekani. Lakini urani nyingi iliyotumika katika mradi uliounda mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, nchi ambamo Kiswahili ni lugha ya migodini na ya mitaani. Kiama kinachoigizwa kwenye kioo kilianza katika udongo wa wasemaji wa lugha hii. Hakuna mchezo kati ya hii niliyoitaja unaompeleka mchezaji huko. Atakayetaka kuandika mchezo wa kiama kwa Kiswahili hana haja ya kuazima jangwa la watu. Ana deni la kufungua daftari hilo.

Ndani ya mpaka huo, hata hivyo, Fallout ya mwaka 1997 iliwahi kufunga hesabu yake kwa uaminifu usio wa kawaida. Mhusika ametumwa kutoka handaki la chini ya ardhi walimojificha wazee wake. Amepewa siku 150 kutafuta kipuri cha mtambo wa maji. Anaweza kuwalipa wachuuzi wapeleke maji kwao na hivyo kuongeza siku 100, lakini msafara huo unawarahisishia maadui kuligundua handaki. Anakipata kipuri, anamshinda Master, anarudi nyumbani. Msimamizi wa handaki anamlaki nje ya mlango, anamshukuru, na kumwambia hawezi kuingia. Ameona mengi mno. Vijana watamwiga, watataka kutoka, na jamii itavunjika. Amewaokoa, na kwa sababu hiyohiyo lazima aondoke.

Msomaji anayeishi mbali na kwao hatahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Stadi zote alizozikusanya mhusika, ngazi kwa ngazi, zilikuwa maandalizi ya kutoweza kurudi. Kila pointi ya uzoefu ilimsogeza hatua moja mbali na mlango ule. Kwa kawaida hadithi inaishia kwa mhusika kugeuka na kutembea polepole kuelekea jangwani, peke yake.

Kuna mwisho mwingine. Miongoni mwa hulka za ukurasa wa kwanza kuna moja inayofanya vifo vya maadui vionekane vya kutisha zaidi, na wachezaji wengi waliichagua kwa kicheko. Mwenye hulka hiyo, au aliyeishi kwa uovu, anapogeuka kuondoka hasamehi. Anamfyatulia Msimamizi risasi. Mchezaji haulizwi. Mkono unaotenda ni wa mtu aliyeandikwa siku ya kwanza, kabla mchezaji hajajua kwamba kulikuwa na mlango, wala kwamba ungefungwa.